Fomu Iliyotupa Salamu

Mama alikataa kuvua kitambaa cheusi. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu tumzike baba, kaka zangu wawili walikuwa wameshapatana siku ya kuondoa matanga, na msalaba wa saruji ulikuwa tayari, umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mama akautazama ule msalaba, akatutazama sisi, akasema bado.

"Mpaka nisikie kuple ya tatu," alisema. "Mbele ya pale, hiki kitambaa hakitoke ku kichwa changu."

Kuple ndiyo ubeti. Baba alikuwa mtunzi wa korali, yaani kwaya, ya kanisa letu kule Kivu ya Kusini, Kongo, kabla hatujakimbia, na wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulikuwa na beti tatu. Ubeti wa kwanza ni wa njia, wa pili ni wa mto, wa tatu ni wa kufika. Hizo mbili za kwanza watu wa kwetu wanaziimba mpaka leo, hata harusini. Ubeti wa tatu haukuimbwa kanisani hata siku moja, na sisi watoto hatukujua kwa nini. Mama hakuwa mwanakorali. Jumamosi za mazoezi alikuwa sokoni na mawese yake. Alichokuwa nacho ni ahadi ya baba tu: "Ya tatu ni yako. Utaisikia siku yake."

Siku yake haikufika. Tulikimbia, madaftari yakabaki, tukaanza maisha Nakivale. Kila mara mama alipouliza, baba alicheka na kuangalia chini. Alikuwa mtu wa ajabu baba yangu. Angeweza kusimama mbele ya kanisa zima akaimba bila hata kumeza mate, lakini kumwimbia mke wake peke yake, nyumbani, aibu ilimshika kama kijana wa jana. Mapenzi yake yalikuwa ya mikono. Alikuwa wa kwanza kuamka kila asubuhi, anawasha moto, anachemsha maji ya mama ya kunawa. Majirani walimcheka, mwanamume mzima na jiko. Hakuwajali. Kisha maradhi yakamshika upande mmoja wa mwili na kumnyima maneno, na miezi yake ya mwisho alikuwa anavuma tu, mdomo umefumba, mahadhi yaleyale kila jioni, huku mama amekaa karibu yake akimuuliza, "Ni ile, eh? Ni ile ya tatu?" Baba anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, mama anamfuta.

Jioni moja nilimrekodi kwa simu yangu. Ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Tangu afe, mama hakuwasha moto asubuhi hata mara moja. Alinawa maji ya baridi na kukaa mlangoni mpaka mke wa kaka yangu aje na chai.

Mimi nafanya kazi mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwenye duka la kompyuta. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunawapiga picha waendesha boda wanaotafuta leseni. Jumamosi, siku ambayo mama anaiita posho, narudi Nakivale mchana. Kutengeneza tovuti nilijifunza kidogo darasani na sana kwa kukosea, na wakati ule nilikuwa tayari na tovuti yangu mwenyewe: ukurasa mmoja wenye picha yangu ninayocheka kupita kiasi, na maneno ya kuwaalika wenye maduka waniletee kazi. Hakuna aliyeleta. Basi nikaongeza ukurasa wa pili. Nikaandika beti mbili tunazozijua, nikaweka sauti ya baba akivuma, na chini yake nikaandika: Anayeujua ubeti wa tatu, tafadhali aniandikie hapa.

Sasa ikabidi hapo pawe na "hapa".

Bosi wangu ni mama wa Kinyankole, mwenyeji wa huku, anayezungumza Kiswahili alichokiokota kwa askari wanaokuja kuchapa barua. Aliponiona nahangaika alisimama nyuma ya kiti changu na chai yake, akaniita nyabo, yaani bibie, kama kawaida yake.

"Nyabo, wewe si uweke namba ya simu tu? Mtu anapiga, mnaongea, inaisha."

"Niliwahi kuiweka," nilimjibu. Niliwahi kweli. Muda mrefu sikulala kwa amani: wanaume nisiowajua waliniuliza kama nimeolewa, na mmoja alinipongeza kwamba nimeshinda gari na kutaka nimtumie namba ya siri. Nikaapa kwamba namba yangu haitaonekana tena mahali popote ambapo dunia inapita. Nilitaka fomu. Mtu anajaza, anabonyeza Tuma, mimi nasoma nikiwa nimetulia na ninajibu nitakaye.

Mtu akiiona fomu kwenye tovuti anadhani kazi imekwisha. Visanduku vitatu na kitufe, kuna nini? Lakini fomu isiyo na kitu nyuma yake ni kikapu kisicho na kitako. Lazima kule kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, uweke programu ndogo ya kupokea. Inapokea yaliyoandikwa, inakagua kama visanduku vimejazwa, inaufunga ujumbe na kuutuma kwenye barua pepe yangu, kisha inamwonyesha mwandishi maneno haya: Asante. Ujumbe wako umefika. Hayo maneno ya mwisho niliyaandika mwenyewe na nikaona yanatosha kabisa.

Jaribio la kwanza nilijiandikia mwenyewe: Wewe ni mzuri. Nikabonyeza. Ukurasa ukasema asante. Kwenye barua pepe, hakuna kitu. Siku mbili nilikagua programu mstari kwa mstari, hasira zikinipanda, mpaka nilipofungua sanduku la barua taka na kukuta ujumbe wangu umelala humo. Barua pepe yangu ilikuwa imeona seva isiyoijua inajifanya ni mimi, ikaishuku na kuutupa ujumbe.

"Kumbe hata kompyuta imekataa kwamba wewe ni mzuri," bosi alisema, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nilirekebisha. Nikatuma linki kwenye makundi yote ya watu wa kwetu ninayoyajua: walioko Kanada, Norwe, Australia, Nairobi. Akili yangu yote ilikuwa kwa wale wa mbali. Nilikuwa namwona kabisa mzee mmoja wa sauti ya nne ya korali ya baba, amekaa katikati ya theluji na koti kubwa, anasikiliza baba anavuma, analia, anaandika.

Walioandika kwanza walikuwa wauza dawa za kuotesha nywele. Wakafuata watu wa kamari, kisha bwana mmoja aliyeahidi kuifanya tovuti yangu iwe ya kwanza duniani. Kila asubuhi walikuwa wamejaa. Mimi si mvumilivu, na sijawahi kudai kuwa mvumilivu. Nikaweka mtego: kisanduku cha nne ambacho jicho la mtu halikioni, lakini mashine zinazosambaza matangazo zinakiona na kukijaza. Aliyekijaza anatupwa. Wengi wakaishia hapo. Waliobaki walikuwa wajanja zaidi, wanaandika maneno machache tu ya kukusalimia kwa Kiingereza, wakuchokoze ujibu, ukijibu umekwisha. Nikawatungia sheria yao. Ujumbe wowote usiofika maneno kumi na tano uende moja kwa moja kwenye folda ya takataka, nisiuone hata kwa bahati mbaya. Mtu mwenye ubeti mzima wa kunipa, nilijiambia, hawezi kuuandika kwa maneno chini ya kumi na tano.

Kisanduku cha barua pepe nacho nilikiondoa. Watu wetu wengi hawana, na fomu ilikuwa inawafokea kwa maandishi mekundu. Kuweka cha namba ya simu sikuona haja. Mwenye ubeti atauandika humo humo, namba yake ya nini? Nikajiona muungwana na fundi kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mwanzoni nilikifurahia, kisha kikaanza kunikaa kifuani. Kila Jumamosi nikishuka tu kwenye boda, hata sijatua mfuko, mama ananiuliza, "Fomu imesema nini?" Nami najibu bado. Anaitikia "sawa" kwa sauti ndogo, anakirekebisha kile kitambaa kichwani. Msalaba ulikuwa umeanza kushika vumbi, na kuku walikuwa wamepaona chini yake kuwa mahali pazuri pa kutagia.

Kaka yangu mkubwa alinivuta pembeni. "Weye ndiye musomi," aliniambia. "Andika kuple moja. Sema imetoka Kanada. Mama apumuzike."

Nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi kwayo. Lakini niseme ukweli, kwa sababu yeye hajui mpaka leo: Jumatano iliyofuata, dukani, mchana usio na wateja, nilikaa na kuuandika. Nilijaza malango ya dhahabu, malaika na tarumbeta. Nikauimba chinichini kwa mahadhi yale ya baba, maneno yakakataa kukaa, na hata yangekaa, baba yangu asingeandika vile. Nikaufuta, nikaenda kusafisha mashine ya fotokopi ambayo haikuwa chafu.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nje, mimi nimekaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani. Jirani yetu mmoja, mama wa Kirundi, akaja akasimama penye ua. Akasalimia. Mama akaitika. Akauliza habari ya mchana, mama akampa. Akauliza habari ya mguu wa mama unaouma, habari ya maharage, habari yangu mimi niliyetoka Mbarara, na mama akajibu yote hayo moja moja, naye akamuuliza ya kwake. Ndipo jirani akasema amekuja kuazima chekeche. Mama akampa, akaenda zake.

"Angesema tu chekeche tangu mwanzo," nikanung'unika. "Amemaliza nusu saa."

Mama alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto wake anauliza kwa nini tunavaa nguo. "Angeombaka namna gani, na miye siyamwitika?"

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo maana mimi nimeiwekea fomu yangu adabu: mwenye neno aseme neno lake, na jumbe fupi zisizo na kitu ndani ninazitupa, hata sizisomi.

"Zile fupi zinasemaka nini?"

"Hakuna kitu, mama. Salamu tu."

Mchi ukasimama.

"Batu banakusalimia," mama alisema polepole, "na weye unabatupa?"

Nilifungua mdomo kumweleza habari za mashine na matangazo, na katikati ya sentensi nikajisikia mwenyewe. Nikachukua kompyuta na simu, nikaenda kusimama pale mtandao unaposhika, ambapo kwa bahati ni pale pale kwenye ukuta wenye msalaba. Nikawafukuza kuku. Nikaifungua folda ya takataka kwa mara ya kwanza.

Matangazo yalikuwemo, ndiyo. Na katikati ya matangazo, watu wetu. Jambo mudada, habari ya siku mingi? Bonjour, muko bazima huko? Dada, tunakusalimia sana, siye ba Nairobi. Hakuna aliyetaja wimbo. Kila mmoja alikuwa amebisha hodi vizuri, kama alivyofundishwa kwao, akasimama penye ua kungoja aitikiwe kabla hajasema lililomleta. Mimi nilikuwa nimewaachia ukurasa unaosema asante, na mlango umefungwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mmoja alikuwa ameandika mara tatu. Kwenye kisanduku cha jina aliweka "Mama wa korali" tu.

Ya kwanza: Jambo binti ya maestro. Muko bazima? Mama yako iko muzima? Siye tuko bazima.

Ya pili, wiki moja baadaye: Nilikusalimia. Labda haukuona. Jambo tena.

Ya tatu: Basi mutoto wangu. Mubaki na amani. Siye tuko huku Oruchinga.

Nikatafuta namba ya simu, nikakumbuka nani aliyekataa kuweka kisanduku cha namba ya simu. Nikamsomea mama. Alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Maestro," alisema. "Kulikuwaka mutu mumoja tu anamwitaka baba yako maestro. Ya kumuchokoza, sawa vile ni fundi mukubwa ya muziki. Ule mama wa sauti ya pili." Kisha akauliza, "Oruchinga? Hii Oruchinga ya hapa?"

Ya hapa hapa. Wilaya moja nasi, Isingiro, kambi ndogo ambayo nimepita karibu na njia yake kila wiki nikienda na nikirudi. Mimi nilikuwa naitazamia theluji ya Norwe.

Kesho yake baada ya ibada ya alfajiri tukachukua boda mbili, mama mbele, mimi nyuma nikiangalia kitambaa cheusi kinavyopepea mbele yangu. Tukapita Kabingo, tukaendelea. Sikuwa na jina la kuulizia, mama mwenyewe alikuwa amelisahau, sikuwa na namba, nilikuwa na "mama wa sauti ya pili" tu. Njia nzima roho yangu ilikuwa juu juu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na wiki tano. Mtu mzima, wiki tano, lolote linaweza kutokea, na kama lingetokea lingekuwa juu yangu. Lakini Oruchinga ni ndogo, na kwenye kanisa la kwanza tuliposimama, wanawake waliokuwa wanatoka ibadani walicheka tu tulipouliza. Anayeimba kuliko korali nzima? Nyumba ile, yenye mihogo.

Tulimkuta kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Alikuwa mwembamba, na miguu yake ameinyoosha. Alimtambua mama mara moja, niliona macho yake yanajaa, lakini hakuinuka. Alinigeukia mimi kwanza.

"Ni weye wa fomu?"

"Ndiyo, mama."

"Jambo."

"Jambo, mama."

"Habari ya Mbarara?"

"Muzuri, mama."

"Kazi?"

Nikamjibu kazi. Akauliza afya yangu, akauliza kaka zangu, mmoja baada ya mwingine, akauliza mvua ya Nakivale na njia tuliyopita, nami nikasimama pale na mikono mbele kama mwanafunzi, nikaitika kila neno. Sikuharakisha hata moja. Alipomaliza aliangusha mahindi yaliyokuwa mkononi.

"Aya. Sasa tumesalimiana," alisema, na hapo ndipo alipomnyooshea mama mikono, wakashikana wakalia, mahindi yakamwagika kila mahali.

Baadaye, chai ilipokuja, alinieleza kwa upole ambao uliniuma kuliko kama angenitukana. Mke wa mwanawe ndiye aliyemwonyesha ule ukurasa kwenye simu, akamsikilizisha baba akivuma. Alilia siku nzima. Kisha akamwambia mkwe aandike salamu.

"Ile mashine yako ikasema aksanti. Aksanti ya nini? Miye sikukupana kitu, nilikusalimia. Nikangoja uitike, ndipo nikuambie neno. Nikasalimia tena. Nikasema, labda batoto ba maestro bamesha kuwa batu bakubwa."

"Nisamehe, mama," nilisema, na sikuwa na kingine cha kusema.

"Nilisha kukusamehe. Kunywa chai."

Mama alikuwa hajagusa chai yake. "Kuple ya tatu," alisema. "Unaijua?"

Yule mama akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. Akatusimulia kwamba baba alipouleta ubeti ule, mchungaji aliusoma mara mbili na kuukataa. Alisema mbinguni hakuna jiko. Baba hakubishana, lakini kila Jumamosi, mazoezi yakiisha na mchungaji ameshaondoka, korali ilimlazimisha auimbishe. "Siye ba sauti ya pili tulikuwa tunamucheka sana," alisema. "Tunasema, huyu bwana anamwimbia bibi yake, anamupitishia ku Mungu."

"Imba," mama alisema.

Akaimba. Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo juu, lakini haikuyumba. Mahadhi yalikuwa yale yale aliyokuwa anayavuma baba, na sasa yalikuwa na maneno:

Nimeamka kabla yako, moto nimeshawasha,
maji yako yako jikoni, usifanye haraka.
Ukifika mlangoni, usibishe hodi,
mimi niliyetangulia, ndimi nitafungua.

Mama alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye mahindi na kuishikilia humo. Akamwambia aimbe tena. Akaimba tena. Mara ya tatu mama naye akaimba, anakosea, anarudia, na yule mama anamngoja. Mimi nilikuwa nimeshika simu nirekodi na macho yangu yalikuwa kwa mama, ile rekodi mpaka leo inaonyesha paa la nyumba tu. Niliwaza kwamba nusura niupoteze ubeti huu kwa sheria yangu ya maneno kumi na tano. Kisha nikaacha kuwaza, nikalia kama wenzangu.

"Kumbe ni yale maji," mama alisema mwishoni.

Wiki mbili baadaye tuliondoa matanga. Mama wa sauti ya pili alikuja kutoka Oruchinga na wenzake watatu, msalaba ukapelekwa makaburini, na wimbo ukaimbwa wote, beti tatu, mbele ya mchungaji wetu wa sasa ambaye hakuona kosa lolote kwenye jiko. Mama akafungua kitambaa cheusi mwenyewe. Nywele zake chini yake zilikuwa zimekuwa nyeupe kabisa, sikuwa najua.

Nilirudi Kakoba na kuivunja fomu yangu nianze upya. Mtego wa mashine niliuacha, sheria ya maneno kumi na tano niliifuta. Kisanduku cha namba ya simu nikakiweka, anayetaka ajaze. Waliokuwa wameacha majina niliyoyatambua niliwatafuta mmoja mmoja kwenye makundi, nikaitika salamu zao zilizochelewa. Wengine waliniambia walidhani nimefariki. Kisha nikafanya jambo ambalo sijaliona kwenye tovuti ya mtu mwingine: nikaigawa fomu mara mbili. Kisanduku cha kwanza ni cha salamu peke yake. Ukibonyeza Tuma, ukurasa unakuitika: Salama, tuko wazima, mama ni mzima, na kazi inaendelea. Ninyi huko hamjambo? Ndipo kinafunguka kisanduku cha pili, kimeandikwa juu yake: Haya, tuambie. Na kwa kuwa mashine haiwezi kuitika kwa kweli, nimejiwekea kwamba kila salamu naijibu mwenyewe siku hiyo hiyo, hata ya maneno mawili.

Bosi alijaribu. Alisalimia, akasalimiwa, akasalimia tena.

"Nyabo," aliniambia, "hii fomu iko na adabu kama Munyankole." Kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Siku chache baadaye alimleta dada yake mwenye saluni, akataka tovuti yenye fomu kama ile ile, inayosalimia. Wenye boda wa pale kwenye kona nao wamekuja kuuliza. Mwuza dawa za nywele mmoja amepita mtego wangu; sasa ananisalimia kwanza, kisha ananiuzia.

Juzi asubuhi nilifika dukani, nikafungua barua pepe kabla ya kuwasha mashine ya fotokopi. Kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwenye fomu. Kwenye jina: Mama. Herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, nikajua ameuandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwenye simu ya mke wa kaka yangu. Kisanduku cha salamu: Jambo binti. Kakoba iko namna gani?

Kisanduku cha pili: Posho unakuya? Usingoje posho, kuya siku ya tano, ulale, asubuhi tuamuke wote. Usifanye haraka. Moto nitawasha miye.